Kusoma data inayopita kati ya simu na shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) la Bluetooth

Usianze kwa kununua kinasa mawimbi. Hewani data imeshasimbwa, ila ndani ya simu bado iko wazi, na simu ya Android inayotumia itifaki ya ASHA (njia ya kupeleka sauti kwenye shimesikio kwa Bluetooth, ipo tangu Android 10) itakurekodia yote.

Tumia shimesikio lako au la mtu aliyekuruhusu, na livuliwe liwekwe mezani. Usijaribu sauti likiwa sikioni mwa mtu: kosa la baiti moja linaweza kumpigia kelele ya ghafla.

Katika Chaguo za wasanidi programu washa rekodi ya HCI snoop (nakala ya data kati ya simu na chipu yake ya Bluetooth), ile kamili, si iliyochujwa. Zima Bluetooth uiwashe tena, la sivyo rekodi haianzi. Kisha ondoa shimesikio kwenye orodha ya vifaa vilivyooanishwa, ulioanishe upya. Wengi huruka hapa, halafu wanashangaa hawaoni UUID (namba ya kutambulisha huduma) hata moja: Android huhifadhi huduma za kifaa inachokifahamu na haiziulizi tena. Cheza sauti nusu dakika, unganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB, na kwenye kompyuta andika amri ya adb (zana ya kuamrisha simu ya Android):

adb bugreport ripoti.zip

Ndani ya zipu, chini ya FS/data/misc/bluetooth/logs, kuna faili la btsnoop_hci.log. Usilipandishe mtandaoni: amri ya kuanzisha usimbaji imebeba ufunguo wa shimesikio lako.

Lifungue kwa Wireshark (programu ya kuchambua pakiti za data), chuja kwa btatt, utafute huduma 0xFDF0. Karakteristiki (sehemu ya huduma inayosomwa au kuandikwa) inayoanza na 6333651e hurudisha baiti 17. Ya kwanza ni toleo. Ya pili, biti yake ya chini kabisa ni 0 kwa kushoto, 1 kwa kulia. Nane zinazofuata ni HiSyncId, namba ya jozi ya mashimesikio, na sharti zifanane pande zote mbili. Ile ya 2d410339 hutoa PSM, yaani namba ya kufungulia njia ya sauti. Amri huandikwa kwenye f0d4de7e, mfano:

01 01 03 E0 00

Yaani: anza, G.722 (mbinu ya kubana sauti) ya kHz 16, midia, kiwango cha sauti −32, upande wa pili haujaunganishwa. Jibu huja kupitia 38663f1a. 00 ni sawa, FE ni vigezo vibaya.

Sauti yenyewe hupita L2CAP (tabaka la Bluetooth linalobeba data), pakiti moja kila milisekunde 20: baiti 1 ya mfuatano na 160 za G.722. Ongeza 2 za urefu na 4 za kichwa cha L2CAP, unapata 167. Redio isipokubaliana kurefusha pakiti, hubaki kwenye baiti 27, kila pakiti hukatwa vipande saba na sauti hukwaruza.

Kuhakiki, toa data ya upande mmoja, ondoa baiti ya kwanza ya kila pakiti, unganisha zilizobaki, kisha:

ffplay -f g722 kushoto.g722

Ukisikia muziki wenye mtatariko mfululizo, mara 50 kwa sekunde, baiti za mfuatano bado zimo.

Karakteristiki usizozitambua zisome tu, usiziandikie chochote: huenda zimeshika mipangilio aliyoiweka mtaalamu wa usikivu, na kuirudisha ni mpaka mwenyewe arudi kliniki.