Kondo la nyuma na zalio: mfugaji ajue kipi kimetoka na kipi kimebaki

Ng'ombe amezaa alfajiri, ndama amesimama na ananyonya. Mfugaji anaona utando unaning'inia nyuma ya ng'ombe, au anakumbuka ile chupa ya maji, yaani mfuko wa utando wenye majimaji, iliyomtangulia ndama, anaridhika kwamba kondo limeshatoka. Siku ya tatu ng'ombe hataki majani, ananuka, maziwa yamepungua.

Kondo la nyuma ni kiungo. Muda wote wa mimba hupitisha chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama kwenda kwa ndama, hurudisha taka, na hutengeneza homoni zinazoitunza mimba. Zalio ni mzigo mzima unaotoka baada ya kuzaa: kondo lililomaliza kazi, tando zilizomzunguka ndama, na mabaki ya kitovu. Wengi wetu huita vyote kondo la nyuma, wala si vibaya, mradi ujue unachokisubiri.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kondo hushikana na mji wa mimba kwa vifungo, si kwa eneo lote. Ng'ombe huwa navyo kati ya 75 na 120 hivi. Upande wa mama kifungo kimevimba kama uyoga wenye vishimo, na upande wa ndama kuna vinyweleo vilivyozama ndani ya vishimo hivyo. Baada ya kuzaa vinyweleo hulegea na kuchomoka, kisha mji wa mimba hujikaza na kusukuma vyote nje. Vifungo vichache tu vikikataa kuachia, sehemu ya zalio itaning'inia nje huku nyingine imeshikwa ndani. Kwa hiyo utando unaoning'inia maana yake kazi haijaisha. Na ile chupa ya maji ni sehemu ya tando tu. Kupasuka kwake hakukuambii lolote kuhusu kondo.

Andika saa aliyozaa. Ng'ombe wengi hutoa zalio ndani ya saa 8. Zikipita 12, hesabu kwamba limekwama. Farasi hasubiriwi hivyo: zikipita saa 3 ni dharura. Likianguka, vaa glavu, litandaze, uangalie kama limechanika na kuacha kipande. Liondoe mapema, maana ng'ombe hulila na linaweza kumkaba.

Tafadhali, usilivute. Usifunge jiwe wala tofali ili uzito ulishushe. Ukivuta unachana vifungo, damu inatoka, vipande vinabaki ndani vikioza, na ng'ombe anaweza kuchelewa sana kushika mimba tena. Mpime joto kila siku. Likizidi nyuzi 39.5, au akiacha kula, au uchafu ukatoka na harufu kali, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akitumia antibiotiki, maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizoagiza ziishe.

Kukwama huja zaidi kwa aliyezaa pacha, aliyezalishwa kwa shida, mwenye homa ya maziwa (upungufu wa kalsiamu kwenye damu wakati wa kuzaa), au aliyekosa madini ya seleniamu na vitamini E kwenye lishe. Aliyetupa mimba ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu huenda ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaofanya mifugo itupe mimba, na brusela humpata binadamu kupitia zalio, majimaji ya uzazi na maziwa mabichi. Usilishike kwa mikono mitupu, na mjamzito asikaribie kabisa. Mbwa wasilifikie. Zalio la kawaida lizikwe kwenye shimo refu. La mimba iliyotupwa lifunikwe kwanza mahali salama, umpigie daktari umweleze saa ya kuzaa, umri wa mimba, na kama kuna ng'ombe mwingine zizini aliyetupa, ili aseme kama atachukua sampuli kabla hujalifukia.