Unataka kazi ya kutunza majengo ya kale Moshi au Arusha? Anza na mpangaji

Wengi wanaouliza kuhusu hii kazi wanaanza na chuo, eti nisome nini, mi huwa nawarudishia swali, ni jengo gani na nani anapanga humo saa hizi? Maana nafasi za serikali za wahifadhi mambo ya kale zipo, zinatoka Ajira Portal, ila ni za kuhesabu na unaweza ukapangiwa Kilwa. Ukitaka kubaki hapa hapa chini ya mlima na kazi ikulipe, inabidi uwe yule mtu anayeweza kumwonyesha mwenye jengo kwamba ukuta wake wa zamani utamwingizia hela ukisimama, na hela hiyo itafika mpaka kwa fundi na mama ntilie wa mtaa huo.

Cha kwanza kabisa jua jengo ni la nani. Hii hatua watu wanaidharau na ndo inakula muda kuliko zote. Katikati ya mji, Moshi na Arusha kote, utakuta yale maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, mengine mwaka umechongwa kabisa juu kwenye paji la jengo. Sasa mwaka 1971 ilitoka Sheria ya Utwaaji Majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 za wakati ule zikachukuliwa na serikali zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, halafu 1990 huyo Msajili akaunganishwa na NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo mzee unayemkuta anauza vitenge miaka yote pale unaweza kudhani ni lake kumbe mpangaji tu, hana mamlaka ya kubomoa wala kukarabati, na ukimshawishi yeye peke yake umepoteza wiki. Lakini usimruke! Yeye ndo anajua bati linavuja wapi, choo kilihamishwa lini, na kabla yake duka lilikuwa la nani.

Ukitoka mjini ukapanda Kibosho, Marangu au Machame shida inageuka. Nyumba ipo ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, mzee aliyeijenga alishafariki, watoto wengine Dar wengine nje ya nchi, mirathi haijafunguliwa na kila mtu ana lake. Hapo usiende na kamera siku ya kwanza. Nenda na shikamoo, kaa, ukikaribishwa mbege pokea hata kama hunywi, uliza habari za ukoo. Kwa mila ya Wachagga nyumba ya baba mara nyingi inaenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho kwa hiyo mtafute huyo, ila mpaka dada zake na kaka zake wakubali kwa maandishi usipige hata msumari, utaitwa kwenye kesi ambayo sio yako.

Kuhusu sheria ntasema kidogo tu. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura 333, inasimamiwa na wizara ya Maliasili na Utalii, na waziri anaweza kutangaza jengo au eneo kwenye Gazeti la Serikali likalindwa. Hata mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 umo humo. Ila duka la 1938 pale Moshi mjini halijilindi lenyewe kwa sababu tu ni la zamani, mpaka litangazwe, kwa hiyo usimtishe mtu na sheria ambayo haimgusi, atakufukuza na atakuwa na haki. Kinachomgusa kila mtu ni kibali cha ujenzi cha halmashauri, huko mipango miji ndo ujenge urafiki, na mwenyekiti wa mtaa usimpite bila kumsalimia.

Haya, umeruhusiwa kuingia. Piga picha kila upande ukiwa umesimama sawa mbele ya ukuta, halafu nyufa moja moja ukiweka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Pima kila chumba, pima na mishazari ya kona kwa kona maana nyumba za zamani hazina kona ya digrii 90 hata moja, ukiamini macho ramani yako haitafunga. Angalia juu kabla ya chini: bati, kenchi, mifereji ya maji. Karibu kila ukuta unaouona umebabuka chini, chanzo ni maji, ama yanatoka juu kwa mfereji uliooza ama yanapanda kutoka ardhini kwa sababu mtu alimwaga zege kuzunguka nyumba. Ufa usiuogope mpaka ujue kama unatembea, bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta, andika tarehe, rudi baada ya masika. Kioo kikiwa kimekatika ita injinia. Kikiwa kizima, huo ufa ni wa zamani na umeshapumzika.

Sasa chokaa. Hapa ndo utajulikana kama unajua kazi au unaongea tu. Kuta nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe au tofali na udongo au chokaa, kwaruza lipu na msumari, ikimegeka kirahisi sio saruji hiyo. Ukuta wa namna hii unapumua, maji yanaingia na yanatoka. Fundi wa siku hizi anakuja na mfuko wa simenti anapiga lipu ngumu juu, unaonekana mzuri miezi kadhaa, ndani maji yamefungiwa hayana pa kutokea, chumvi inasukuma, lipu inaanguka na kipande cha jiwe, halafu watu wanasema 'si mnaona, jengo limechoka livunjwe'. Halijachoka, limezibwa pua.

Mchanganyo wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga mkali uliooshwa. Ukipata chokaa mbichi iliyochomwa unaiweka wewe chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, inachemka na inaruka, vaa miwani na glavu maana jicho likiingia chokaa hakuna mchezo. Iache ikae wiki kadhaa, ikikaa zaidi ndo inazidi kuwa laini. Ukishapiga, funika na magunia yaliyoloana, siku kadhaa unanyunyizia maji isikauke haraka. Mafundi hawapendi hii kwa sababu wanalipwa kwa mita ya mraba na chokaa haikimbizwi, kwa hiyo walipe kwa siku, utagombana nao kidogo. Tafuta wazee walioshika chokaa zamani, uwaunganishe na vijana wa VETA Moshi wanaojua uashi ila hawajawahi kuigusa. Kikundi cha vijana kama hicho kikisajiliwa kinaweza kuomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ukarabati unakula mikono kuliko unavyokula vifaa, hela ya ghorofa jipya nyingi inaenda kwenye nondo, vioo na alumini vya kutoka mbali, ya ukarabati inabaki mitaa ya Moshi kama Majengo, Pasua, Njoro, kwa watu unaowajua. Hii ndo hoja ya kumpelekea diwani, achana na habari za urembo wa madirisha.

Ila kwa mwenye jengo peleka hesabu, na iwe ya kweli. Tuseme ana fremu 6 za maduka, kila moja laki na nusu kwa mwezi kwa sababu zinavuja, ukikarabati kwa milioni 40 zinaweza kwenda laki 3. Watu wanachukua 6 mara laki 3 mara 12 wanapata milioni 21.6 wanasema hela inarudi ndani ya miaka miwili. Uongo huo! Nusu ya hiyo alikuwa anaipata tayari. Faida yake mpya ni milioni 10.8 kwa mwaka, kwa hiyo ni karibu miaka minne, na bado hujatoa kodi wala miezi ambayo fremu zimefungwa kwa ajili ya kazi. Mwambie minne. Huko Marekani mwenye jengo la biashara lililosajiliwa akilikarabati kwa masharti yao anapata nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama, kwetu usiweke kitu kama hicho kwenye hesabu, weka mpangaji aliyesaini.

Na matumizi ndo yanaokoa jengo. Boma la Wajerumani pale Arusha ni makumbusho ya viumbe, lakini kwa miaka mingi kulikuwa na mgahawa wa Via Via uani, jioni walikuja kwenye muziki watu ambao hawakuwahi kukata tiketi ya makumbusho. Kwa upande mwingine ukumbi wa Kaloleni ambako TANU walipitisha Azimio la Arusha Januari 1967, ambao ni makumbusho tangu 1977, kwa sura ni jengo la kawaida kabisa, ungelipita. Ukiandika ripoti ya jengo kama hilo usihangaike na nguzo, andika kilichotokea mle ndani.

Halafu kuna sehemu ambazo mwenyewe ni kijiji kizima. Old Moshi kwenye ule mti aliponyongewa na Wajerumani Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapo, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani na wajukuu bado wanakitafuta. Sehemu ya namna hiyo huendi na pendekezo la fremu, aisee. Unakaa na ukoo, wao ndo wanasema nini kionyeshwe, nani aongoze wageni, hela ya kiingilio iingie wapi, iandikwe mapema na muhtasari usomwe mbele ya wote kwa sababu ugomvi wa hizi sehemu huwa ni kitabu cha risiti.

Chuo sasa, kwa wale waliovumilia. UDSM wana akiolojia na masomo ya urithi, Ardhi wana ubunifu majengo, ukiwa na diploma ya ujenzi pia unaingia vizuri tu, labda vizuri zaidi. Pia usisahau miradi mikubwa ya barabara na mabomba, Benki ya Dunia kwa mfano ina kiwango namba 8 kinachohusu urithi wa utamaduni, mradi wao ukipita kwenye makaburi au magofu lazima mtu akakague, na kampuni za tathmini ya mazingira zinatafuta watu wa kazi hiyo ya muda mfupi. Inalipa bili huku jengo lako la Moshi likisubiri saini ya NHC.

Malipo gawa mara tatu: nusu kabla hujapanda ngazi, robo ukikabidhi vipimo na picha, robo ya mwisho ripoti. Kwenye mkataba andika kwamba nakala ya picha na ramani inabaki kwako, maana mwenye jengo akibadilisha mawazo akavunja, hizo zitakuwa ndo kitu pekee kilichobaki, na mteja wako anayefuata atataka kuona ulichowahi kufanya.