CV ya uhasibu, na jinsi ya kuingia ofisini kwa watu

Hii nawaandikia zaidi vijana mliomaliza diploma au digrii ya uhasibu maana CV zenu ndo zinapita mezani kwangu, ila hata we wa stoo au mapokezi soma tu kuna kitu utaokota.

Tatizo la CV nyingi sio lugha, ni kwamba ukimaliza kusoma hujui huyu mtu anaweza kufanya nini. Unakuta nusu ukurasa ni dini, hali ya ndoa, hobi "kuangalia mpira", halafu fildi ya miezi miwili imepewa mstari mmoja tu, "nilifanya mafunzo halmashauri". Ulifanya nini sasa huko? Kama ulikuwa unaandaa vocha za malipo sema, kama ulikuwa unalinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha sema, kama ulipanga risiti za EFD (zile mashine za risiti za kodi) ili ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, iende TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya tarehe 20, au ulisaidia kukokotoa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ambayo inatakiwa ilipwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, hapo ndo bosi anainua kichwa, kwa sababu hizo ndo kazi zinazomnyima usingizi. Na usidharau duka la shangazi. Kama ulikuwa unahesabu mzigo kila jumamosi na kuhakikisha hela ya Lipa Namba inalingana na mauzo, hiyo ni kazi, iandike. Ila usiandike unajua Tally au QuickBooks (programu za uhasibu) kama uliiona tu kwa mwenzio, siku ya intavyuu utawekewa kompyuta mbele.

Mengine ni madogo: jina liandikwe kama lilivyo kwenye vyeti na NIDA, simu iwe inapatikana, imeili iwe na jina lako sio zile za "prettyboy", kazi ya karibuni ianze juu, kurasa mbili zinatosha. Tuma PDF. Wadhamini wako wapigie kwanza uwaambie, maana inatia aibu mwajiri akipiga simu mtu anauliza "nani huyo?".

Sasa kupeleka. Ofisi ndogo na maduka mengi ya Kariakoo hayatangazi kazi popote, wanachukua mtu waliyemuona au aliyeletwa, kwahiyo nenda mwenyewe kwa miguu. Lakini angalia kalenda aisee! Ukienda kwa wahasibu tarehe 5, 6 au tarehe 18, 19 utawakuta wamevurugwa na makaratasi ya TRA, CV yako itawekwa chini ya kikombe. Nenda kati ya tarehe 8 na 15, saa nne nne hivi asubuhi watu wameshatulia. Getini msalimie mlinzi vizuri, shikamoo mzee, muulize nani anahusika na wafanyakazi, yule mzee anajua ofisi nzima kuliko unavyodhani.

Ukimpata bosi usiseme "naomba kazi yoyote". Kazi yoyote maana yake hujui unataka nini na yeye hana muda wa kukufikiria. Sema hivi: "Shikamoo bosi, naitwa fulani, nimemaliza diploma ya uhasibu, najua kupanga risiti na kuandaa ritani, naomba mniangalie hata wiki mbili." Akikubali ujitolee, kubalianeni hapohapo ni muda gani, nauli na chakula vipi, na ukimaliza utapewa barua au la, maana kuna watu wanajitolea mwaka mzima huku mwenye ofisi ameshazoea vya bure.

Serikalini ni njia nyingine kabisa, huko hakuna kubisha hodi, unajisajili Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, ni bure, unajaza taarifa zako taratibu, unapakia barua uliyosaini na vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Result slip (karatasi ya matokeo tu, sio cheti chenyewe) hawapokei, tangazo huwa linasema wazi ila watu hawasomi. Majina yakipishana kwenye vyeti shughulikia deed poll (hati ya kisheria ya jina) mapema, usisubiri uitwe kwenye usaili.

Na yeyote anayekutumia meseji "umepata kazi, tuma hela ya fomu na medikali", blok.

Ukishaacha CV kaa kama wiki hivi halafu tuma meseji moja, moja tu, sio kupiga missed call usiku: "Habari za kazi bosi, ni fulani niliyeleta CV ya uhasibu jumanne iliyopita, bado nipo tayari kuja kufanya majaribio siku yoyote mtakayoniita." Asipojibu usimlaumu, peleka nyingine ofisi ya jirani.