Spika na amplifaya za sebuleni kwa milioni moja na nusu

Mteja akinipigia simu kuuliza "fundi, nichukue muziki gani?", simtajii kampuni. Namuuliza sebule ina ukubwa gani, chini ni vigae au kapeti, na anaangalia nini zaidi. Miaka niliyoendesha kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha filamu kwa kiingilio, Mbagala, ilinifunza jambo ambalo muuza sabufa hana haja ya kukuambia: watu hawaondoki kwa sababu besi ni ndogo, wanaondoka kwa sababu hawasikii maneno. Filamu iliyotiwa Kiswahili, tangu enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa filamu, inabebwa na sauti ya msimuliaji. Akizama chini ya milio ya risasi, kwenye mabenchi wanaanza kuulizana "kasemaje?", na hapo umeshawapoteza. Siku hizi nafunga muziki majumbani, Goba, Kinyerezi, Chanika, na bado nanunua kwa kanuni ileile. Maneno kwanza, kishindo baadaye.

Tuseme una milioni moja na nusu. Mimi naigawa hivi: kama laki sita kwa spika tatu za mbele, laki nne kwa risiva ya AV, yaani amplifaya inayopokea picha na sauti na kuendesha spika zote, laki tatu kwa boksi la besi lenye amplifaya yake ndani, na laki mbili zilizobaki nazificha, maana waya, stendi, kapeti na transfoma vitakuja kuzidai. Hapo nazungumzia mtumba mzuri. Spika za nyuma hazimo, na ni kwa makusudi.

Katika sauti ya 5.1, chaneli tano na moja ya besi, mazungumzo karibu yote hupita spika ya katikati. Kushoto na kulia ni muziki, magari na mvua. Kwa hiyo ya katikati usiichukue kama nyongeza ya kubembeleza mwishoni mwa manunuzi. Chukua tatu za ukoo mmoja, zenye twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zinazofanana. Ukichanganya, gari linalopita kutoka kushoto kwenda kulia hubadilika mlio katikati ya kioo. Hata filamu zetu zenye msimuliaji, ambazo kwa kawaida zina chaneli mbili tu, zinafaidika. Ukiweka risiva kwenye Dolby Pro Logic II au Dolby Surround, kile kinachofanana kushoto na kulia hupelekwa katikati, na msimuliaji ndiyo huyo.

Pesa ikiwa pungufu, anza na spika mbili nzuri na risiva hiyohiyo. Lakini ingia kwenye menyu yake uiambie ukweli, kwamba ya katikati haipo na za nyuma hazipo. Usipofanya hivyo itaendelea kupeleka maneno kwenye tundu lisilo na spika, na wewe utalaumu filamu.

Sasa wati, ambako watu wengi huibiwa mchana kweupe.

Utasimama dukani Kariakoo, boksi limeandikwa wati 10,000 P.M.P.O., na kijana atakwambia, "Bosi, hii inapasua ukuta." Muombe kwa adabu akugeuzie nyuma usome kibandiko cha umeme. Kama kinasema chombo kinakula wati 60 kutoka ukutani, basi hakiwezi kutoa hata hizo 60 mfululizo, kwa kuwa sehemu ya umeme inaishia kwenye joto. P.M.P.O. haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinachopenda. Tafuta RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na usome maandishi madogo yaliyo kando yake. "Wati 150, chaneli moja, 6 ohm, 1 kHz" ni namba ya tangazo, imepimwa chaneli moja tu kwa mlio mmoja tu. "Wati 70, chaneli mbili zikifanya kazi, 8 ohm, 20 Hz hadi 20 kHz", yaani kuanzia besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa, ni namba ya mtu mkweli, na risiva hiyo ya pili inaweza kuwa na nguvu kuliko ya kwanza.

Na kabla hujahangaika na wati, angalia namba nyingine nyuma ya spika au kwenye karatasi zake: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 85 na 90. Kila ukiongeza desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Yaani spika ya 90 kwenye wati 50 inapiga sawa na ya 87 kwenye wati 100. Ili masikio yasikie kama sauti imeongezeka maradufu unahitaji kama desibeli 10, ambazo ni nguvu mara kumi. Ndiyo maana mtu anayeuza amplifaya ya wati 70 anunue ya 100 anatupa pesa. Tofauti yake hata desibeli 2 haifiki. Sebule ya mita 4 kwa 5, umekaa mita 3 kutoka kwenye TV, wati 50 za kweli kwenye spika ya 88 zitakufanya wewe mwenyewe utafute rimoti.

Amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake inaunguza spika kuliko kubwa iliyotulia. Ikiishiwa, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na wa kwanza kufa ni twita. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza, punguza hapohapo.

Ohm, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, usizikwepe. Risiva za kawaida zinataka spika za ohm 8 au 6. Jihadhari na spika zilizotolewa kwenye seti za zamani zenye DVD ndani yake: nyingi ni za ohm 3, zilitengenezwa kwa amplifaya ya seti yake tu, na ukizifunga kwenye risiva ya kawaida utaipasha moto hadi ijizime. Beba mita yako ya kupimia ohm. Spika ya ohm 8 itasoma kama 6 hivi, ya ohm 4 itasoma kama 3 na kitu. Isiposoma chochote, koili imekatika, rudisha.

Ukinunua mtumba, swali la kwanza si bei, ni volti. Vitu vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120, na ukutani kwetu kuna 230. Kichomeke hivyohivyo, utasikia harufu kabla ya muziki. Kibandiko cha nyuma ndicho shahidi, usikubali "hiyo nshaijaribu kaka." Ya volti 100 si mbaya, mara nyingi bei yake inashuka kwa sababu hiyohiyo, ila weka transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kama mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Iliyotoka Uingereza au Dubai haina shida hiyo.

Kisha jaribu kila tundu la HDMI, maana hayo ndiyo hufa mapema. ARC, inayorudisha sauti kutoka kwenye TV hadi kwenye risiva kwa waya uleule, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva ya kabla ya hapo hainayo. Utatumia ule waya mwembamba wa optical, wenye taa nyekundu nchani, na kwa sauti ya 5.1 ya Dolby Digital unatosha kabisa. Kama risiva ni ya zamani na haipitishi picha ya 4K, usiitupe. Chomeka king'amuzi na vingine kwenye TV, halafu sauti tu ndiyo iende kwenye risiva.

Kwenye spika, toa kitambaa cha mbele uguse ile pete inayozunguka wufa, yaani spika kubwa ya besi. Ya mpira inadumu. Ya sponji inaoza, na kwa joto na unyevu wa Dar inaoza haraka. Ukiibonyeza ikabaki na alama ya kidole, hiyo spika inataka kuvishwa upya. Sukuma koni, ule uso wa spika unaotikisika, taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza ndani, achana nayo.

Usiisikilize kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo wake umechaguliwa. Nenda na flashi yenye vitu vitatu. Kwanza mtu anayeongea tu, taarifa ya habari inatosha, ili usikie kama sauti inatoka kifuani au puani. Pili taarabu, yenye fidla na mwimbaji wa kike, ambayo inaumbua twita kali. Tatu singeli. Singeli huwa inakimbia midundo zaidi ya 200 kwa dakika, na boksi la besi legevu haliwezi kuifuata; midundo inaungana, unasikia uvumo mmoja mrefu. Ukiweza kuihesabu mipigo, boksi ni zima.

Boksi lenyewe likifika nyumbani, weka mpaka wa krosova kwenye 80 Hz, yaani vya chini ya hapo viende kwake na spika ndogo zipumue. Usilitupe kwenye kona kwa kuwa ndiko kuna nafasi. Kona inaongeza besi kweli, ila inaivimbisha. Liweke kwanza juu ya kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha tembea umeinama pembeni mwa kuta. Pale utakaposikia besi imetulia, ndipo pa kuliweka. Watoto watakucheka. Kama mmepanga na mnachangia ukuta na jirani, lipunguze nusu. Besi inapita kwenye tofali, maneno hayapiti.

Nyumba zetu zina vigae, jipsamu na dirisha kubwa la alumini. Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unazungukazunguka, hakuna spika itakayokusaidia kabla ya kapeti nene kati ya TV na makochi, na pazia zito dirishani. Laki moja hapo inafanya kazi kuliko laki moja kwenye amplifaya. Spika ya katikati usiizike ndani ya shokesi. Ivute hadi ukingoni, iinue mbele kidogo itazame masikio yako. Kushoto na kulia ziachane kwa umbali karibu sawa na ule kati yako na TV.

Risiva za Yamaha zenye YPAO na za Denon zenye Audyssey hupima chumba kwa maiki yake, na mtumba mara nyingi huja bila hiyo maiki. Si neno, pima kwa futi kamba umbali kutoka kila spika hadi unapokaa na uingize mwenyewe kwenye menyu, halafu ongeza ya katikati desibeli 2 au 3.

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha sebule yoyote. Kwarua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Risiva ichomeke kupitia kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, kama kile cha friji, na kichague chenye kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha.

Za nyuma zije mwakani. Zitakaa ubavuni mwako, nyuma kidogo ya masikio, nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele. Kama bado unajenga, mwambie fundi umeme azike paipu zake sasa hivi, kabla ya plasta, kutoka nyuma ya TV hadi pande zote mbili za makochi, na aache uzi ndani wa kuvutia waya. Ziwe paipu za peke yake, zisichanganywe na nyaya za 230.