Namna ya kuchanga karata kwa haki ndani ya programu

Karata huwa zimechangwa kwa haki pale tu ambapo kila mpangilio unaowezekana una nafasi sawa ya kutokea. Kwa karata 52, idadi ya mipangilio hiyo ni tarakimu 8 ikifuatiwa na takribani sifuri 67, na ili yote iweze kufikiwa programu inahitaji angalau biti 226 (yaani 0 au 1) za nasibu. Wapo wanaokosea hapa kabla hata ya kuandika mstari wa kwanza, kwa sababu kizalishi cha namba za nasibu kinachoanzishwa kwa mbegu (namba ya kuanzia) ya biti 32 hakiwezi kutoa zaidi ya mipangilio 4,294,967,296, hata msimbo unaofuata uwe safi kiasi gani. Kwa hiyo chota biti kutoka kwenye mfumo endeshi wenyewe. Katika lugha ya programu ya Python, kazi hiyo hufanywa na moduli iitwayo secrets.

Hatua inayofuata ni kugeuza biti kuwa namba, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayostahili uangalifu kuliko zote. Tuseme unataka namba kati ya 0 na 51. Biti 5 hazitoshi, kwa kuwa zinaishia thamani 32, hivyo unachukua biti 6, ambazo zinatoa thamani 64. Kishawishi ni kugawanya kwa 52 na kutumia baki, lakini ukifanya hivyo thamani 52 hadi 63 zitaangukia tena kwenye 0 hadi 11, na namba hizo 12 zitatokea mara mbili zaidi ya nyingine. Dawa yake ni kutupa: ukipata 52 au zaidi, iache na uchote biti 6 mpya. Ni mara 12 tu kati ya 64 utakazolazimika kurudia; hali huwa mbaya zaidi namba inapovuka kidogo tu kipeo cha 2, kama 33, ambapo karibu nusu ya majaribio hutupwa, na bado gharama yake ni ndogo mno.

Kuchanga kwenyewe kunafuata njia ya wanatakwimu Fisher na Yates ya mwaka 1938, ambayo Durstenfeld aliiandika upya kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964. Unaanzia karata ya mwisho, unaibadilisha nafasi na karata yoyote kuanzia ya kwanza hadi yenyewe, kisha unarudi nyuma hatua moja.

import secrets

def namba_chini_ya(n):
    biti = (n - 1).bit_length()
    while True:
        x = secrets.randbits(biti)
        if x < n:
            return x

def changa(karata):
    for i in range(len(karata) - 1, 0, -1):
        j = namba_chini_ya(i + 1)
        karata[i], karata[j] = karata[j], karata[i]

Ile i + 1 isiguswe. Ukiandika i peke yake, hakuna karata itakayoweza kubaki mahali ilipokuwa, na mipangilio mingi sana itapotea kimyakimya. Vilevile usichague nafasi kutoka safu nzima ya karata kila hatua, ingawa inaonekana kama kuchanga zaidi: kwa karata 3 kuna njia 27 (3 × 3 × 3), mipangilio ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6 bila baki, kwa hiyo lazima baadhi ya mipangilio ipendelewe.

Kwa sababu hiyo jaribu msimbo wako kwa karata 3 badala ya 52. Zichange mara 600,000 na uhesabu kila mpangilio umetokea mara ngapi. Kila mmoja unapaswa kukaribia 100,000, na tofauti ya mia chache juu au chini ni ya kawaida. Ukiona mitatu imekusanyika karibu na 89,000 na mitatu karibu na 111,000, basi mahali fulani msimbo wako bado unachagua kutoka safu nzima.