Kufunga injini ya 454 kwenye Chevrolet Nova ya 1970

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja kutoa injini ya 350 na kuweka 454 ya mwaka 1974 (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Nova ni gari dogo kwa vipimo vya Kimarekani, lakini kiwanda chenyewe kiliiuza ikiwa na bloku kubwa (familia ya injini kubwa za Chevrolet ambamo 454 imo, ilhali 350 ni bloku ndogo) ya 396 kuanzia 1968 hadi 1970, kwa hiyo nafasi ipo na hakuna haja ya kukata chuma.

Hatua ya 1. Ondoa boneti, rejeta na injini kuukuu.

Hatua ya 2. Bolti tatu za mauntingi ubavuni mwa bloku hukaa sawa kwa injini zote mbili. Hata hivyo, vikalio vya kwenye fremu na mauntingi za mpira vinunuliwe kama seti moja ya bloku kubwa.

Hatua ya 3. Kabla ya kuunganisha giaboksi, kagua flaiwili, yaani ile sahani nyembamba yenye meno. Sahani ya 350 huingia kwenye kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya 454 bila kukataa hata tundu moja, na hapo ndipo tulipojikwaa. Injini iliwaka vizuri, lakini ilipofika mizunguko 2,000 kikombe cha chai nilichokuwa nimekiweka juu ya betri kilitembea hadi kikaanguka. Tulimaliza siku mbili tukilaumu kabureta, plagi na mauntingi, kisha tukalazimika kushusha giaboksi. Sababu ni kwamba 454 husawazishwa kwa nje: sehemu ya uzito unaotuliza kranki imo kwenye balansa ya mbele (gurudumu zito la kutuliza mtikisiko, mbele ya kranki) na kwenye sahani ya nyuma, ilhali 396, 402 na 427 za kiwandani, pamoja na 350 ya miaka hiyo, husawazishwa kwa ndani. Sahani sahihi ina kipande cha chuma kilichochomelewa upande mmoja, na balansa yake ina uzito usiolingana pande zote, jambo linaloonekana kwa macho. Ikiwa injini imewahi kufanyiwa ovaholi na kubadilishwa kranki, muulize fundi aliyeisawazisha, kwa sababu huenda sasa ni ya ndani. Injini za 1991 na kuendelea zina sili ya nyuma ya kipande kimoja na hudai sahani nyingine kabisa. Hesabu pia meno: ya 454 ni 168, na stata yake hufungwa kwa bolti zilizopishana, stata ya meno 153, yenye bolti zilizo sambamba, haitafaa.

Hatua ya 4. Giaboksi iliyokuwa nyuma ya injini ya 350 hukubali bloku kubwa, ila mimi huchagua giaboksi ya otomatiki ya Turbo-Hydramatic 400, ingawa kiegemeo chake husogezwa nyuma na propela hupimwa upya.

Hatua ya 5. Pulii zote zilingane na pampu ya maji. Pampu ndefu ilianza 1969, nayo haichanganyiki na pulii za pampu fupi.

Hatua ya 6. Tumia manifoldi nzito za kiwandani. Mabomba ya eksozi ya kununua hupendeza machoni, lakini hubana boksi la stelingi na kuunguza waya za plagi.

Hatua ya 7. Bloku kubwa ya chuma huzidi ndogo kwa kilo 50 hivi, kwa hiyo agiza springi za mbele za Nova yenye 396, na alaimenti ifanywe gari likishaendeshwa siku chache na springi zikatua.