Asali ya mizinga miwili: kuvuna, kuchuja na kuwauzia majirani

Vuna jioni, jua likianza kuzama. Puliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga, subiri dakika mbili, ndipo ufungue. Moshi ukizidi, asali hunuka moshi, na mteja hasahau.

Kwenye mzinga wa viunzi (fito za juu ambazo nyuki huning'iniza masega), anzia pembeni. Chukua sega lililozibwa kwa nta angalau robo tatu. Lenye vyumba vilivyo wazi bado lina maji mengi, na asali yake itachacha chupani. Sega lenye majana (watoto wa nyuki) lirudishe. Unapokata, bakiza ukanda wa nta wa sentimita 2 kwenye kiunzi ili nyuki wajenge papo hapo. Waachie pia masega mawili matatu ya asali: mzinga ukikombwa wote, nyuki huhama.

Ponda masega kwa mikono safi na mikavu, uyaweke kwenye kitambaa cha chandarua kipya kisicho na dawa, juu ya ndoo yenye mfuniko. Yaache yajichuje usiku kucha. Usichemshe, hata ukiwa na haraka. Siku ya pili au ya tatu engua povu, kisha jaza chupa kavu kabisa.

Chupa ya nusu lita hubeba takriban gramu 700, kwa hiyo usichanganye bei ya lita na ya kilo. Asali ikiganda watu watasema umetia sukari. Iloweke chupa kwenye maji ya vuguvugu mbele yao. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka 1 mwambie asimlambishe.